Kwa nini kiganja kilichokatwa huvuja damu pande mbili

Muuza madafu hulishika dafu kwa mkono wa kushoto na panga kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa hufanya hivyo mara mia kwa siku, haangalii tena panga linapotua. Kijana aliyeletwa kwetu asubuhi ile saa tano alikuwa amegeuza macho mara moja tu. Kiganja kilikuwa kimezungushiwa shati, na shati lilishalowa. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya utabibu, najua majina mengi na kazi siijui. Nikafungua shati, nikaona damu inaporuka, upande wa jeraha ulioelekea kidole gumba, nikachukua kibanio nikaubana mshipa. Damu ikakatika. Nikashusha pumzi. Haikupita hata nusu dakika, damu ikaanza kuruka kutoka upande wa pili wa jeraha, ule wa kidole cha mwisho, nyekundu ile ile na kwa mdundo ule ule.

Tabibu mzee aliyekuwa akinisimamia hakuharakisha kuinuka. "Kijana," akasema, "umefunga Ruvu Juu. Ruvu Chini atafunga nani?"

Aliyewahi kuishi Dar es Salaam ataelewa mara moja. Mitambo miwili mikubwa inayolisha jiji, Ruvu Juu na Ruvu Chini, yote inanyonya mto mmoja, lakini kila mmoja una bomba lake na njia yake. Mmoja ukizimwa, si lazima jiji zima likauke, ingawa mtaa wako unaweza kukauka. Kiganja kimejengwa kwa mpango huo, ila kwa ufundi zaidi: mabomba mawili yanayokilisha yameunganishwa mdomo kwa mdomo ndani ya mji, hivyo kila moja linaweza kulisha mitaa ya mwenzake. Ukikata pale yalipoungana, kila upande wa jeraha una chanzo kamili nyuma yake. Ndiyo maana nilihangaika.

Kabla ya kuyafuata mabomba hayo, kuna neno la kusafisha. Sisi huita "mshipa" karibu kila kitu kirefu na chembamba kilichomo mwilini. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, kano inayotokeza mtu akikunja ngumi nayo huitwa mshipa, na hata ngiri watu huiita mshipa. Kwa mambo ya mkono, mchanganyiko huo ni hatari, kwa sababu vitu hivyo vimelala bega kwa bega ndani ya nafasi isiyozidi upana wa kidole. Basi hapa ateri ni ule unaotoa damu moyoni, na vena ni ule unaoirudisha. Kamba za kijani zinazoonekana mgongoni mwa mkono, ambazo muuguzi huzitafuta anapotundika dripu, ni vena. Ateri za mkono kwa kawaida hazionekani. Hujulikana kwa mdundo. Neva hubeba hisia na amri, na kano huunganisha msuli na mfupa. Na kwa kuwa "kiwiko" kwa wengine ni pale mkono unapokunjika katikati na kwa wengine ni pale saa inapovaliwa, mimi nitaita pa kwanza kisugudi na pa pili kifundo, tusigombane.

Damu ya mkono hutoka moyoni kwa njia ya aota, ateri kuu ya mwili, hupita chini ya mtulinga, huingia kwapani, kisha hushuka kwa upande wa ndani wa mkono hadi kwenye kisugudi. Ni bomba moja mwendo wote huo, ila wanaanatomia wamelipa majina matatu kadiri linavyovuka mipaka, kama barabara inayobadilishwa jina kila inapoingia wilaya mpya. Jina la mwisho, ateri ya brakiali, ndilo linalohusika unapopimwa presha: muuguzi anapoweka kipimo chake kwenye mkunjo wa kisugudi, anaisikiliza hiyo. Chini kidogo ya mkunjo huo bomba linagawanyika. Tawi moja linafuata radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba, nalo ni ateri ya radiali. Jingine linafuata ulna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, nalo ni ateri ya ulna. Ruvu Juu na Ruvu Chini, ukipenda, maana mto uliozizaa ni mmoja.

Ateri ya radiali ndiyo maarufu, na umaarufu huo imeupata kwa sababu ya mahali ilipo tu. Pale zinapogawanyika, ateri ya ulna kwa kawaida ndiyo nene zaidi. Geuza kiganja kiangalie juu, uweke ncha za kidole cha shahada na cha kati karibu na mkunjo wa kifundo, upande wa gumba, kando ya ile kano inayotokeza ukikunja kifundo kidogo. Hapo ateri iko chini ya ngozi tu, na nyuma yake kuna mfupa. Ukiibonyeza haina pa kukimbilia. Usipime kwa kidole gumba. Gumba lina ateri yake yenye nguvu, na unaweza kujihesabu mwenyewe ukidhani unamhesabu mgonjwa. Mwanafunzi mwenzangu aliwahi kuandika mapigo ya kasi ya kutisha kwa mzee aliyekuwa amelala fofofo. Yalikuwa ya kwake. Alikuwa amepanda ngazi mbio.

Ateri ya ulna inashuka ikiwa imefunikwa na misuli ya kigasha, na haijitokezi mpaka ikaribie kifundo. Hapo inapita kando ya kifupa cha mviringo kama punje ya njegere, ambacho unaweza kukigusa kwenye kisigino cha kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Imeandamana na neva ya ulna katika njia finyu iliyoelezwa mwaka 1861 na daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Félix Guyon, na hadi leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Mbele kidogo ya kifupa cha njegere kuna kingine chenye ndoana ya mfupa, na ateri inapita juu yake bila kinga ya maana zaidi ya ngozi na mafuta. Hapo ndipo mafundi wanapojiumiza bila kujua. Fundi seremala anayesukuma ubao uingie mahali pake kwa kupiga kisigino cha kiganja, au fundi wa magari anayegonga kifuniko kilichokwama kwa mkono mtupu, anaigonga ateri dhidi ya ndoana ile. Baada ya miaka ukuta wake unaharibika, damu inaganda ndani, na kidole cha pete au cha mwisho kinaanza kupauka, kupata baridi na kuuma, mara nyingi kwa mkono ule anaoutumia zaidi. Fundi atasema ni baridi ya asubuhi. Nyundo ya plastiki ingemtosha.

Turudi kwa ateri ya radiali, kwa sababu safari yake ina kona ambayo wanafunzi wengi huisahau. Baada ya kupimwa mapigo, ungetegemea iendelee moja kwa moja kiganjani. Tawi dogo ndilo hufanya hivyo. Shina lenyewe linageuka, linazunguka kifundo kwa nje na kutokea mgongoni mwa mkono, chini ya gumba. Nyoosha gumba kwa nguvu kama unayeomba lifti: kano zitasimama, na kati yake patabonyea kijishimo. Wazungu wa zamani waliweka ugoro humo kabla ya kuunusa, na wanaanatomia wakakiita kijisanduku cha ugoro. Kwenye sakafu ya kijisanduku hicho ateri ya radiali inadunda, ukitulia utaihisi. Kisha inajitumbukiza kati ya mfupa wa kwanza na wa pili wa kitanga, ikipenya katikati ya msuli, na kutokea kiganjani kwa ndani kabisa. Imeingia mjini kwa mlango wa uani.

Chini ya sakafu hiyo kuna kifupa kinachoitwa skafoidi, jina lililotokana na neno la Kiyunani la chombo cha majini, kwa sababu kimejipinda kama mtumbwi. Kinapata sehemu kubwa ya damu yake kutoka matawi ya radiali, na matawi hayo yanaingilia upande wa vidole, kisha damu inarudi nyuma kuelekea kigasha. Abiria wa bodaboda akianguka hutanguliza mkono, na mtumbwi ukikatika kiunoni, kile kipande cha nyuma kinabaki bila chakula. Kinaweza kufa kabisa ndani ya mkono unaoonekana mzima. Mbaya zaidi, picha ya eksirei ya siku ya kwanza wakati mwingine haionyeshi kitu. Mtu aliyeanguka hivyo, na akibonyezwa kwenye kijisanduku cha ugoro anaruka kwa maumivu, hafai kuruhusiwa na dawa ya kuchua. Kifundo hufungwa plasta au banzi, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Sasa kiganja chenyewe. Ateri mbili zinakutana humo mara mbili, kwa pinde mbili zilizopandana kama ghorofa. Upinde wa juujuu unajengwa hasa na ateri ya ulna, ukikatisha kiganja kuelekea gumba na kupokelewa na lile tawi dogo la radiali. Ukitaka kujua ulipo, fungua kiganja, tanua gumba mpaka mwisho, kisha vuta mstari wa kufikirika kutoka ukingo wake wa mbele ukatishe kiganja. Hapo upo, chini ya ngozi na utando mgumu, lakini juu ya kano. Panga la dafu lilipita hapo hapo. Upinde wa kina unajengwa hasa na radiali, ile iliyoingia kwa mlango wa uani, nao unapokelewa na tawi la ulna. Uko karibu sentimita moja nyuma ya ule wa kwanza, upande wa kifundo, na umelala juu ya mifupa, chini ya kano zote.

Kwa nini pinde mbili? Shika mpini wa jembe. Unapokaza mkono, mpini unaugandamiza upinde wa juujuu na damu yake inabanwa. Upinde wa kina umelindwa na kano na misuli, na unaendelea kupeleka damu kwa matawi yake yanayokwenda kuungana na yale ya juu penye mizizi ya vidole. Ukilima kutwa nzima vidole havifi ganzi kwa kukosa damu. Malengelenge ndiyo utakayoyapata.

Kutoka upinde wa juujuu zinatoka ateri tatu zinazokwenda kwenye nafasi za kati ya vidole, na kila moja inagawanyika kulisha pande mbili zinazotazamana: ubavu wa kidole hiki na ubavu wa jirani yake. Kwa hiyo kila kidole kina ateri mbili kuu, moja kila ubavu, zote zikiegemea upande wa kiganja. Gumba na ubavu wa nje wa kidole cha shahada kwa kawaida hulishwa na matawi ya radiali. Ubavu wa nje wa kidole cha mwisho una tawi lake peke yake.

Ndani ya kidole, neva hutangulia: iko karibu zaidi na ngozi ya upande wa kiganja, na ateri iko nyuma yake. Kiganjani mpangilio ni kinyume, ateri za vidole ziko mbele ya neva. Hili si jambo la mtihani tu. Mtu akikatwa kidole kwa upande wa kiganja na damu ikawa inaruka, kisu kimefikia ateri, na kama kimefikia ateri basi huenda kimepita kwenye neva njiani. Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi, pima hisia za kila ubavu wa kidole, maana ukishachoma ganzi kila mtu atasema hasikii kitu.

Yule mzee alinifundisha hilo siku ile. Kwanza aliniamuru niondoe kibanio. Kubana kwa kukisia ndani ya kiganja ni kucheza bahati nasibu na neva. Ukibana neva ukidhani ni ateri, damu itaacha kuruka baadaye kwa njia nyingine, lakini kidole kitabaki na ganzi maisha yote. Akaweka shashi nene juu ya jeraha, akakandamiza kwa ngumi yake, akauinua mkono wa kijana juu ya kifua na kukaa hivyo dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, maana kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Hakuna kahawa ya unga, hakuna majivu, hakuna mafuta ya taa; vyote hivyo tumevikwangua kwenye majeraha ya watu. Damu ilipotulia akamwambia kijana afumbe macho, akaanza kumgusa vidole kwa ncha ya pamba, ubavu mmoja baada ya mwingine. "Hapa unasikia, mwanangu? Na hapa?" Kwenye ubavu mmoja wa kidole cha pete kijana hakujibu. Tukamwandikia rufaa kwa daktari wa upasuaji, mkono ukiwa umefungwa na kuning'inizwa juu.

Ukubwa wa mishipa hii unastahili kukumbukwa. Ateri ya radiali kwenye kifundo ina kipenyo cha milimita 2 hadi 3. Ya kidole ni kama milimita 1. Hata hivyo mwaka 1965, huko Nara nchini Japani, madaktari Komatsu na Tamai waliunganisha tena gumba lililokatika kabisa, wakishona vijibomba hivyo chini ya darubini. Ndiyo maana kidole kilichokatika hakitupwi. Kifungwe kwenye shashi iliyoloweshwa maji safi ya chumvi na kukamuliwa, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu wala kisielee majini.

Mpaka hapa nimeeleza kana kwamba mikono yote ni sawa. Si kweli. Wamarekani Coleman na Anson walipasua mikono 650 na kuchapisha matokeo mwaka 1961: upinde wa juujuu ulikuwa umekamilika kwa takriban mikono minne kati ya mitano, na iliyobaki mabomba hayakukutana humo. Upinde wa kina ulikamilika karibu kwa wote. Kuna pia ateri ya tatu, ya katikati ya kigasha, ambayo mtoto huwa nayo tumboni na kwa kawaida husinyaa kabla hajazaliwa. Kwa baadhi ya watu haisinyai. Inabaki na kupita kifundoni pamoja na neva ya katikati ndani ya njia yao finyu. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walitoa hesabu kwamba watu wanaobaki nayo wameongezeka, kutoka kama asilimia 10 kwa waliozaliwa miaka ya 1880 hadi kama asilimia 30 kwa waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 20. Wameyaita mabadiliko ya mageuzi ya binadamu. Mimi ningependa kwanza mikono ya kwetu nayo ihesabiwe.

Utofauti huo ndio unaomfanya daktari auulize mkono wako swali kabla ya kuuchokoza. Mwaka 1929 Edgar Allen wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza kipimo kisichohitaji chombo chochote, na kilichobaki kutumika ni namna yake iliyoboreshwa baadaye. Mgonjwa anakunja ngumi kwa nguvu, wewe unabana ateri zote mbili kifundoni, anafungua mkono taratibu. Kiganja kimepauka. Unaachia ya ulna peke yake na kuhesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde chache, pinde zinafanya kazi. Ikipita sekunde 15 mkono bado umepauka, kuwa mwangalifu na radiali. Kwa watu weusi usiangalie mgongo wa mkono, angalia kiganja na kucha. Kipimo hiki si hakimu wa mwisho, na madaktari wengi siku hizi huamini zaidi mashine, lakini kwa mtu anayejifunza hakuna njia bora ya kuona kwa macho kwamba mabomba mawili yanasaidiana.

Kusaidiana huko kumefungua milango. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alieleza jinsi ya kupiga picha mishipa ya moyo kwa kupitisha mrija kifundoni badala ya kinenani, na miaka michache baadaye Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuzibua mishipa ya moyo kwa njia hiyo hiyo. Sababu ni zile zile tulizokwisha kuziona: nyuma ya ateri kuna mfupa, hivyo ukitoa mrija unabana tu na damu inakoma, na radiali ikiziba, ulna ipo. Mgonjwa anaweza kuketi na kunywa chai mapema badala ya kulala chali saa nyingi.

Lakini kusaidiana kule kule kunaweza kumgeuka mgonjwa. Tangu mwaka 1966, Brescia na Cimino wa New York walipoonyesha njia yake, wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu huunganishiwa ateri ya radiali na vena jirani hapo kifundoni. Vena inapokea nguvu ya ateri, inanenepa, na inaweza kuchomwa sindano kubwa mara mbili au tatu kwa wiki. Wengi hukaa nayo miaka bila shida. Kwa wachache, damu hukimbilia kwenye njia rahisi: badala ya kushuka vidoleni, ile ya ulna inapanda kupitia pinde za kiganja, inarudi nyuma ndani ya radiali, na kumwagikia kwenye vena. Mgonjwa analalamika vidole vya baridi, vinavyouma hasa akiwa kwenye mashine, na kama hujui anatomia utampa glavu. Mkono huo haupimwi presha wala kutolewa damu ya kipimo, na mwenye nao huupima mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani: anagusa kifundo kwa vidole, au anakiweka sikioni, asikie kama bado kinavuma.